Kitenge cha Kufunikia Samaki

Maji yaliyolala kwenye ndoo usiku kucha yana harufu yake. Si harufu mbaya. Ni ya plastiki, ya udongo kwa mbali, na ya kitu kingine cha baridi ambacho mpaka leo sijakipatia jina. Nilipokuwa darasa la nne harufu hiyo ndiyo iliyoniamsha kila asubuhi, kwa sababu ndoo ilikaa pembeni ya godoro langu, nyuma ya pazia lililotenganisha mahali tulipolala na mgahawa wa mama. Upande wa pili wa pazia kulikuwa na meza za mbao, jiko la mkaa, sufuria kubwa la chai, na juu ya kabati fupi lililoegemea ukuta, tangi la kioo lenye samaki wa mapambo. Tulikaa nje kidogo ya Rwamgasa, kwenye mtaa wa mabanda ulioota baada ya watu kusikia kuna dhahabu, na sidhani kama kulikuwa na mgahawa mwingine wa wachimbaji uliokuwa na kitu kama kile. Watu walikuja kwa ajili ya chapati, wakachelewa kuondoka kwa ajili ya samaki. Ninachosimulia hapa ni masika moja tu, masika ambayo hatukuyamaliza wote.

Tangi lile hatukulinunua. Lilikuwa la Shija, mnunuzi wa dhahabu aliyekuwa na ofisi ya mabati jirani yetu, kijana aliyependa vitu vya mjini kuliko alivyopenda kulala. Alipohamia Kalangalala, Geita mjini, alitazama barabara ilivyo na mashimo, akatazama kioo, akaja kumpa mama. Mama alikataa. Alisema yeye ni mtoto wa wafugaji, hawezi kufuga kitu kisichokamuliwa, kisicholima wala kisicholiwa. Baba akaangua kicheko, akasema angalau hawa hawataingia shamba la mtu wakatuletea kesi. Basi wakabaki. Wengi wao walikuwa tetra, samaki wadogo kuliko kidole changu cha mwisho, kila mmoja na mstari wa buluu unaowaka kutoka jichoni na wekundu chini yake kuelekea mkiani. Pamoja nao waliishi wengine wachache wenye mikia mipana, wapole, na kambare mdogo wa kufagia chini ambaye hakuwa na habari na mtu. Lakini tetra ndio waliokuwa roho ya tangi. Hawajui kuishi mmoja mmoja. Wakigeuka wanageuka wote, wakishtuka wanashtuka wote. Shija alinifundisha kuwapa chakula kwa ncha za vidole, kuwabadilishia maji kidogo kidogo, na kuyalaza maji mapya kwenye ndoo kwanza. Kisha akaniambia jambo moja zaidi: gizani rangi yao hulala. Ukiwawashia taa utawaona wamefifia, usiogope, wape muda itarudi. Mama alikuwa jikoni akikanda unga, nami sikudhani kwamba alikuwa anasikiliza.

Kwetu hasa ni Didia, Shinyanga, ambako babu alilima pamba na mpunga. Baba alikuja machimboni akisema ni kwa msimu mmoja, na kila msimu ulipoisha aliutafutia mwenzake. Alikuwa mtu mfupi, mwenye mabega mapana na kicheko kilichomtangulia njiani, ungekisikia kabla hujaona viatu vyake. Mimi niliitwa Kabula kwa sababu nilizaliwa mvua ikinyesha. Mbula ni mvua kwa Kisukuma, na kule Didia mtoto wa mvua ni mtoto wa kushangiliwa. Huku machimboni mama alianza kuichukia mvua. Alikuwa na sababu. Karibu na duara alilofanyia kazi baba, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, kulikuwa na duara jingine la zamani lililoachwa kabla hatujafika. Lilijaa maji mekundu meusi, karibu kufikia mdomo wake. Waliolichimba walikimbilia dhahabu ya mahali pengine, na hawakumwambia mtu njia zao za chini zilikwenda upande gani wala ziliishia wapi. Mama alipita pale karibu kila mchana akipeleka chakula, na kila aliporudi alikuwa na jambo la kusema juu ya maji yale. Alitaka kitu kimoja tu kutoka kwa mumewe: asishuke mvua zikiwa kubwa. Baba hakuwahi kumkatalia. Alimwambia sawa, mama Kabula, nimekusikia, halafu anashuka.

Sasa, wachimbaji ni watu wa kutafuta dalili. Duara jipya halikufunguliwa bila mtu kwenda kwa mfumu, mganga wa kwetu, akapasua kuku na kusoma ndani yake kama mambo yatanyooka. Lakini nani ana kuku wa kupasua kila siku? Samaki walikuwepo kila asubuhi, bure, mbele ya chai. Aliyeanzisha ni Maduhu, mwenzake baba, mrefu na mwenye maneno mengi, aliyekuwa akizungusha winchi ya kuwashusha na kuwapandisha watu. Umeme ulikuwa umekatika usiku kucha, na madirisha yetu ya mbao yalikuwa bado yamefungwa kwa sababu ya baridi. Taa iliporudi, wachimbaji wakiwa wamekwisha kukaa, tetra walionekana weupe, mstari wa buluu hakuna, wekundu hakuna. Maduhu akaweka kikombe chini taratibu. "Hawa wameona kitu," akasema, na hakwenda kazini. Siku hiyohiyo gogo moja katika yale yanayozuia kuta za duara lilichomoka, likavunja ndoo ya kupandishia mawe. Hakuumia mtu. Lakini kuanzia hapo samaki wangu wakapata cheo.

Wakawa wanaingia na kumwamkia mama kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu. Samaki wameamkaje?" Mama akiwajibu kwamba na yeye ameamka, kama kuna anayejali. Wakajitungia sheria zao. Samaki wakijipanga kuelekea mlangoni, siku njema. Wakijibana kwenye kona, tahadhari. Wakififia, usishuke. Mimi niliyewalisha nilijua kwamba walijibana kwenye kona kwa sababu Maduhu alikuwa ameegemeza uso wake mkubwa kwenye kioo, lakini mtoto wa kike wa darasa la nne nani angemuuliza? Baba aliwacheka wote. Alisema amekimbia ng'ombe wa baba yake asije akapewa amri na dagaa. Hata hivyo nilimwona akipitisha jicho kwenye tangi kila anapoingia, haraka haraka, kama mtu anayeangalia bila kutaka aonekane ameangalia. Mama naye alimwona.

Baba na wenzake walilala kambini, palepale kwenye duara, kulinda viroba vya mawe visiibiwe, wakija kwetu asubuhi kunywa chai. Kwa kawaida mimi niliamka mapema nikawasha taa ya tangi, hivyo wao walipofika rangi zilikuwa zimekwisha kurudi. Asubuhi moja, baada ya mvua iliyopiga bati mpaka nikaziba masikio, nilinyoosha mkono kwenye swichi na mama akanishika. Tangi lilikuwa limefunikwa kitenge chake cha njano chenye maua meusi, kimekunjwa mara mbili mwanga usipenye. Akaniwekea kidole mdomoni. Tulikaa kimya, chai inachemka, tukisikiliza. Kicheko cha baba kiliposikika njiani, mama akavuta kitenge, akakitupa begani kama mtu anayejitanda, akawasha taa. Baba aliingia akakuta samaki wamepauka kama nyuzi zilizofuliwa sana. Alikunywa chai yake, akazungumza habari za ng'ombe wa Didia, kisha akasema mgongo unamuuma, leo atapumzika. Alilala siku nzima nyuma ya pazia akikoroma. Mama aliimba akiosha vyombo, na sikuwa nimemsikia akiimba tangu tuhamie pale. "Hii ni yetu wawili," aliniambia. Nilifurahi mno. Niliona mama yangu ana akili kuliko watu wote wa Rwamgasa, na bado naona hivyo.

Kosa letu lilikuwa kuipenda mno njia ile. Masika yalizidi, na kitenge kikazidi kufanya kazi. Mwenye duara akaanza kulalamika kwamba watu wake wanapangiwa zamu na samaki. Wengine waliokula migahawa mingine walishuka na kupanda salama, wakawa wanawatania wetu: nyie kambare mmeamkaje leo? Baba alivumilia utani wa kila namna, ila ule ulimchoma. Kisha asubuhi moja alirudi peke yake kuchukua tochi yake ya kichwani, kimya, bila kicheko, akapita mlango wa nyuma. Alimkuta mama amesimama mbele ya tangi, kitenge mkononi. Akawasha taa ya tangi, akavuta kiti. Akakaa akiwatazama samaki, nasi tukamtazama yeye. Polepole buluu ikaanza kuchora mstari kwa mmoja, kwa mwingine, kisha kwa wote, na wekundu ukafuata. Nilidhani atapiga mtu. Badala yake alicheka mpaka akashika tumbo, akafuta machozi kwa kiganja. "Kumbe nimeoa mfumu na sijui!" Mama hakucheka. Alimwambia mbele yangu, bila kupunguza sauti, kwamba kama kumdanganya ndiko kutakomweka hai, atamdanganya mpaka wazeeke. Baba akachukua tochi yake. Akasema, "Mama Kabula, nisiposhuka, tutakula kitenge?" Akamwomba asirudie. Mama akakitundika kwenye msumari karibu na mlango, mahali ambapo kila mtu angekiona, na kweli hakukigusa tena.

Baba hakuweza kukaa na kichekesho kizuri namna ile. Kufikia jioni mtaa mzima ulijua. Maduhu, aliyekuwa amewaamini samaki kuliko mtu yeyote, ndiye aliyecheka kwa nguvu zaidi, nadhani kwa aibu. Siku zilizofuata walikuwa wakiingia wakikisalimia kitenge kwanza, shikamoo kitenge, halafu wanajijibu wenyewe marahaba. Hakuna aliyetazama tangi tena ila kwa utani. Mvua haikukatika. Njia ya kwenda shule ikawa mto. Kisima cha jirani yetu, tulikochota maji yote ya mgahawa, kilikuwa kirefu, na kwa kawaida kamba ya ndoo iliniumiza viganja. Jioni moja nilishusha ndoo ikapiga maji mara moja, nikashangaa kamba nyingi imebaki mkononi. Nilifurahi. Kazi ilikuwa imepungua. Maji yalikuwa na wekundu kidogo, nami nikadhani ni udongo wa mvua. Ndoo ile ililala pembeni ya godoro langu kama zote, na niliyamimina kwenye tangi alfajiri, kabla ya chai, kama nilivyofundishwa, kidogo kidogo.

Niliporudi kutoka kupiga mswaki, samaki walikuwa wamefifia. Taa ilikuwa inawaka. Madirisha yalikuwa wazi. Kitenge kilikuwa kwenye msumari wake. Walikuwa wamepanda juu wote, midomo kwenye uso wa maji, wakifungua na kufunga, na hawakugeuka pamoja tena. Kila mmoja alikuwa peke yake. Yule kambare wa chini, asiyejali mtu, naye alikuwa juu. Nilimwita mama. Alikuja na unga mikononi, akatazama, akaangalia taa, akaangalia msumari. Nilimwona akipoteza rangi yeye mwenyewe. Nje kicheko cha baba kilikuwa kimekwisha kuanza.

Waliingia kwa kishindo, wamelowa, wanadai chai. Mama alisimama kati ya baba na meza. "Baba Kabula, njoo uwaone samaki." Banda zima likalipuka kwa kicheko. Maduhu alipiga meza kwa kiganja. Baba alikwenda mpaka kwenye tangi, akainama, akawaangalia kweli, hilo sitalisahau, aliwaangalia kwa muda. Kisha akainama chini ya kabati, akapekua, akainua pazia letu, akatazama chini ya godoro. "Cha pili umekificha wapi?" Mama akasema, "Sijawafunika." Akasema tena, "Haki ya Mungu, sijawafunika. Muulize mtoto." Baba alinigeukia, nami nikatikisa kichwa kwamba hapana, hatujawafunika, na machozi yakanitoka. Akanifuta kwa kidole gumba chenye udongo. "Wewe nawe amekufundisha vizuri," akasema, kwa upendo, bila hasira hata chembe. Akanywa chai akiwa amesimama, akachukua chapati mbili za kula njiani, na mama akamfuata mpaka barabarani kwenye mvua, bila viatu, akiwa bado na unga mikononi. Nilisikia kicheko kikipungua kuelekea duarani.

Mchana nilisikia watu wakikimbia. Machimboni ukisikia miguu mingi inakwenda upande mmoja huulizi. Maji ya duara la zamani yalikuwa yamepasua ukuta wa chini na kuingia kwenye la baba. Maduhu alikuwa juu kwenye winchi, alizungusha mpaka mikono ikachubuka, na kamba ilipanda tupu. Walileta pampu kutoka kwenye maduara mengine, zikanguruma mfululizo, na kwa muda mrefu maji hayakushuka. Walipompata baba na mchimbaji mwingine aliyeshuka naye waliwalaza kando ya barabara chini ya turubai. Nilimtambua kwa viatu. Mama hakulia pale. Alikaa chini kwenye tope karibu na kichwa chake, akamfunika kwa kitenge cha njano, kwa utaratibu, akikunja pembe kama alivyokuwa akikunja kila asubuhi. Mimi nilipiga kelele mpaka nikabebwa.

Wanawake wa mtaa walikuja kupika, kabla ya kumsafirisha marehemu kwenda Didia. Wakachota maji kisimani, wakarudi nayo wakinong'ona. Yalikuwa mekundu meusi, yananuka, hayafai hata kuoshea sufuria, na yalikuwa juu kiasi cha kuyafikia kwa mkono. Mama alinyanyuka msibani akaenda kuyaona. Alisimama ukingoni muda mrefu. Yalikuwa maji yaleyale ya duara la zamani; yalikuwa yakitembea chini yetu siku zote zile, yakitafuta pa kutokea, yakapitia kisimani, yakaingia kwenye ndoo, yakaingia kwenye tangi. "Yalituambia," mama alisema, "na sisi tunaangalia samaki." Ndani, tetra wote walikuwa wamekwisha kufa. Walikuwa wamekwisha kuoza, sikupata hata mmoja wa kumzika vizuri.

Leo nafundisha shule ya msingi Geita, nimepanga Kalangalala, na sebuleni kwangu nina tangi la tetra. Watu hunishangaa wakijua habari yangu. Siwezi kueleza vizuri, ila nikiwaona wakigeuka pamoja nasikia vikombe na sauti za asubuhi zile, na nazitaka. Kule Rwamgasa sasa kuna uzio mrefu wa mgodi mkubwa na taa zinazoonekana kwa mbali, na nje ya uzio wachimbaji wadogo bado wanashuka kama baba alivyoshuka, kwa kamba, mvua inanyesha. Maji yangu yanatoka bombani, lakini bado nayalaza kwenye ndoo, na kila asubuhi nainama kuyanusa na kuyatazama kabla sijawatazama samaki. Kicheko cha baba nilikichukia kwa miaka mingi. Kilimuua, niliamini hivyo, na pengine ni kweli. Pia ndicho kitu chake ninachokikumbuka bila kujaribu.

Mama anaishi Didia, analima mpunga, na hunitembelea mavuno yakiisha. Akiwa kwangu nafunika tangi kila usiku, kwa kitenge kinene, hata kama taa imezimwa na hakuna haja. Asubuhi anatoka chumbani kabla sijaweka chai jikoni, anasimama mbele ya kioo, mkono kifuani. Navuta kitenge, nawasha taa, na samaki wanatokea weupe kabisa.

"Umewafunika?" ananiuliza.

"Nimewafunika, mama."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

Ndipo anavuta pumzi na kukaa. Lakini chai haigusi mpaka wa mwisho wao arudishe rangi.